Kuilinda Motokaa ya Zamani na Kutu ya Chini

Motokaa ya zamani inapofikishwa kwa fundi ili irudishiwe sura yake ya kwanza, mwenyewe kwa kawaida hufikiri kwanza habari ya rangi, viti na vioo, maana hayo ndiyo yaonekanayo na wapita njia. Lakini uhai wa motokaa haumo katika rangi ya juu. Umo chini, mahali pasipotazamwa na mtu ila fundi aliyelala chali juu ya gunia. Huko ndiko zilikofungwa springi, mabomba ya breki na tangi la petroli, na huko ndiko kuliko na sakafu iwachukuayo abiria. Sehemu hiyo ikiliwa na kutu, gari lote huwa pambo tu, tena pambo la hatari. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na neno hilo laifaa sana habari ya kutu.

Jambo hili ni la kuangaliwa hasa katika mahali kama Kabiria, upande wa Dagoretti, magharibi ya Nairobi, na katika mitaa iliyo jirani nayo, kama vile Riruta na Kawangware. Huko fundi wa magari aghalabu hufanya kazi yake nje, juu ya udongo mwekundu, chini ya paa la mabati au chini ya jua lenyewe. Fundi wa namna hiyo aweza kabisa kuliponya gari la zamani, hata kama hana mashine za bei kubwa, mradi ashike kanuni moja: kutu huondolewa kwanza, ndipo chuma kifunikwe. Anayeanza kwa kufunika huilinda kutu, wala hakilindi chuma.

MAGARI YANAYOSTAHILI KUTUNZWA

Nchi ya Kenya ina historia kubwa ya motokaa. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na madereva walipita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho wa safari, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda katika Volvo PV544. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani peke yake.

Tena, tangu mwaka 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa mjini Nairobi maonyesho yaitwayo Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanywa katika uwanja wa mbio za farasi ulio kando ya Ngong Road, safari fupi tu kutoka Kabiria. Katika maonyesho hayo waamuzi hawatazami rangi na injini tu. Hulichungulia gari hata upande wa chini, na mwenye kupaka mafuta ya kung'arisha juu, huku chini ameacha uchafu, hupoteza alama zake.

Liko na jambo jingine. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari lililokwisha tumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Kwa hiyo Peugeot 404, Land Rover au Volkswagen ya miaka ya 1960 iliyobaki Nairobi si kitu cha kupatikana tena kwa urahisi. Ikioza, imekwenda.

KUTU HUTOKEA NAMNA GANI

Chuma hakioti kutu kwa sababu ya uzee. Huota kutu pale vitu viwili vinapokutana juu yake, yaani maji na hewa. Kimojawapo kikizuiwa, kutu haiwezi kuendelea. Chumvi huongeza kazi hiyo mara nyingi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo upitao kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Ndiyo sababu gari lililokaa Mombasa karibu na bahari huoza upesi kuliko lililokaa bara. Ndiyo sababu pia gari lililotoka Uingereza lafaa kuchunguzwa sana, maana huko barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu.

Kutu yenyewe ni adui mwenye hila. Hujaa nafasi iliyo zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa, na kwa hiyo huinua rangi, hupanua maungio ya mabati, na kufungua njia ya maji mengine. Tena haishikamani kama ngozi iliyo nzima. Ni kama sponji, hunyonya maji na kuyaweka karibu na chuma. Ndiyo maana kutu huzaa kutu.

HALI YA NAIROBI

Watu wengi hudhani kwamba Nairobi, iliyo mbali na bahari na juu kiasi cha mita 1,700, haina kutu ya kuogopwa. Ni kweli hewa yake ni nafuu kuliko ya pwani. Lakini mvua za masika, tangu Machi hata Mei, na za vuli, tangu Oktoba hata Desemba, huugeuza udongo mwekundu kuwa matope mazito yanayonata. Matope hayo hurushwa na magurudumu mpaka ndani ya madigadi, yakajipanga juu ya kingo za mabati na katika pembe za chesisi. Barabara ikikauka, matope yaliyo chini ya gari hayakauki upesi. Kwa siku nyingi hubaki kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya chuma.

Liko na umande pia. Usiku wa Julai chuma hupoa sana, na asubuhi hewa yenye unyevu ikikigusa hutoa matone. Jambo hilo hutokea hata ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango, ambavyo ni kama masanduku yaliyofungwa. Mtu aliyelifunika gari lake kwa nailoni mpaka chini, akidhani amelihifadhi, amelifungia unyevu ndani. Afadhali gari likae chini ya paa lililo wazi pande zote, hewa ipite.

KOSA LA KUFICHA

Desturi iliyoenea ni kulipuliza gari lami nyeusi upande wa chini mara tu linapoinuliwa. Kazi hiyo huisha kwa saa moja, na machoni huonekana nzuri, maana kila kitu huwa cheusi na sawasawa. Lakini lami iliyopakwa juu ya kutu, matope au mafuta haishiki. Baada ya miezi michache huachana na chuma, na maji huingia katika nafasi ile nyembamba, yasiweze kutoka. Chuma huliwa gizani, na mwenyewe hana habari mpaka siku kiti kinapozama au bomba la breki linapopasuka.

Wengine hupaka mafuta machafu ya injini. Mafuta hayo huzuia maji kwa muda, lakini huharibu mipira ya springi na ya breki, hukusanya vumbi, na hudondoka ardhini, ambako mvua huyachukua mpaka katika mitaro na vijito vya mitaa. Tena yana sumu idhuruyo ngozi ya fundi. Haifai kuyatumia.

Mafundi wa vyombo vya pwani walilijua somo hili tangu zamani. Jahazi lilipovutwa ufukweni Lamu au Mombasa, halikupakwa deheni siku ile ile. Kwanza lilikwanguliwa, likaondolewa kila kilichoota juu ya mbao, likaachwa likauke. Mbao mbovu zikabadilishwa, maungio yakakalafatiwa kwa pamba. Ndipo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama, ikapakwa. Aliyebadili utaratibu huo alizama. Utaratibu wa motokaa ni ule ule.

KWANZA: KULIINUA NA KULICHUNGUZA

Gari liinuliwe mahali palipo imara, na baada ya jeki kuliinua, liketishwe juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya mawe ya kujengea, kwa sababu jiwe hupasuka bila kutoa ishara. Juu ya udongo, weka mbao nene chini ya kila stendi ili isizame. Betri iondolewe, na tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche yo yote kuwashwa.

Mazulia yatolewe, maana mara nyingi sakafu huoza kutoka juu, kwa maji yaliyoingia katika mipira ya vioo na milango. Kisha fundi atwae bisibisi na nyundo ndogo, apime kila mahali. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, au bisibisi hupenya. Mahali pa kuangalia zaidi ni ndani ya madigadi, vizingiti vya milango, mahali pa kuwekea jeki, maungio ya springi, chini ya betri, na pembe zote ambamo mabati mawili yamelaliana.

Kila aina ya gari ina ugonjwa wake. Peugeot 404 haina chesisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo ichukuayo uzito, na kwa hiyo vizingiti vikioza, nguvu ya gari zima imepungua. Volkswagen ya mgongo wa kobe ina betri chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake ikimwagika hula sakafu. Land Rover ina bodi ya alumini isiyoota kutu nyekundu, na hilo huwadanganya wengi, kwa maana chesisi yake ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani kwenda nje. Pia mahali alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia katikati, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Yafaa rangi au kipande cha mpira kitenganishe metali hizo mbili.

PILI: KUOSHA NA KUKWANGUA

Matope yote yaondolewe kwa maji na sabuni, na mafuta kwa dawa ya kuondolea grisi. Petroli isitumike kuoshea, maana imekwisha kuunguza magereji mengi. Gari likaushwe juani kwa siku nzima, au zaidi ikiwa mbingu ina mawingu.

Kisha lami ya zamani ikwanguliwe kwa patasi butu, na kutu iondolewe kwa brashi ya waya, msasa, au grainda yenye waya. Kazi hii ni chafu na ndefu, na hapa ndipo fundi mwaminifu ajulikanapo. Akiiacha nusu, hakuna rangi itakayomsaidia. Kupuliza mchanga kwa kompresa husafisha upesi, lakini mchanga wa mtoni hutoa vumbi linaloharibu mapafu kwa ugonjwa usioponyeka. Yafaa kutumia vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, tena kwa kinyago kinachofaa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo vumbi lake lisivutwe, na watoto wasicheze mahali pale.

TATU: KUKATA NA KUCHOMELEA

Bati lililotoboka likatwe mpaka kufikia chuma kizima, na kipande kipya cha unene ule ule kichomelewe mahali pake. Kuweka kiraka juu ya bati bovu ni kutengeneza mfuko wa maji. Kujaza tundu kwa puti na kulipaka rangi ni vibaya zaidi, kwa sababu puti haichukui uzito wo wote, nayo hunyonya unyevu. Mahali pa maungio ya springi, mikanda na breki, jambo hili si la uzuri; ni la uhai wa watu.

Mabomba membamba ya breki yatazamwe urefu wake wote. Bomba lililochimbika kwa kutu halisafishwi likarudishwa, hubadilishwa. Breki za magari mengi ya miaka ile zina njia moja tu ya mafuta, na bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa wakati mmoja.

NNE: DAWA YA KUTU NA RANGI YA KWANZA

Hata baada ya kukwangua, vitobo vidogo hubaki na kutu ndani yake. Hapo hutumiwa dawa yenye asidi ya fosforasi au tanini, ambayo hugeuza kutu nyembamba iwe kitu kigumu kisichoendelea kula chuma. Dawa hii ni ya mabaki tu. Haiwezi kuponya kutu nene inayobanduka kwa magamba. Kila dawa ina maagizo yake. Nyingine huoshwa, nyingine haziguswi na maji. Maagizo ya kopo yasomwe.

Chuma kilichosafishwa kisilale uchi. Umande wa usiku mmoja watosha kukirudishia wekundu. Basi fundi asafishe sehemu awezayo kuipaka praima siku ile ile. Praima ya epoksi ni njema, maana hushika sana na haipitishi maji kwa urahisi. Praima yenye unga mwingi wa zinki nayo ni njema juu ya chuma kilicho safi kabisa. Kazi ya zinki yaweza kuonekana juu ya paa la kila nyumba: bati la mabati likikwaruzwa kidogo, chuma kilicho wazi hakioti kutu upesi, kwa kuwa zinki iliyo kando yake huliwa badala yake. Mwanachuoni Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kanuni hiyo mwaka 1824, alipoikinga shaba ya merikebu za kivita kwa vipande vya zinki na chuma.

Wakati mwema wa kupaka, katika Nairobi, ni tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, chuma kikiwa kimepata joto na umande umekwisha. Zipakwe safu mbili, na kingo zipakwe kwa brashi kwanza, kwa sababu rangi hukimbia ncha kali ikabaki nyembamba pale pale inapohitajiwa zaidi.

TANO: KUZIBA, KUFUNIKA NA KUACHA MATUNDU

Praima ikikauka, maungio yote ya mabati yazibwe kwa gundi ya maungio ya magari, kama vile jahazi linavyokalafatiwa. Juu yake ipakwe rangi, na mwisho rangi nzito ya mpira izuiayo mawe, hasa katika madigadi. Rangi nzito iwe ya wastani. Ikiwa nene mno hupasuka na kuficha maji. Isipakwe juu ya bomba la moshi, propela, mipira ya breki, nyaya za breki ya mkono, wala juu ya namba ya chesisi.

Watengenezaji waliacha matundu madogo chini ya milango, vizingiti na chesisi ili maji yatoke. Hayo yasizibwe kwa gundi wala kwa lami. Magari mengi yameharibiwa na fundi mwenye bidii aliyeziba kila tundu aliloliona.

Baada ya kuchomelea na kupaka rangi kwisha, ndani ya vizingiti na chesisi ipulizwe nta ya majimaji kwa mpira mwembamba ulioingizwa katika matundu hayo. Nta huingia penye nyufa ambamo brashi haifiki. Ni lazima iwe kazi ya mwisho, maana nta huwaka moto kwa cheche, na rangi haishiki juu yake. Gari liachwe usiku kucha linyonye, kisha matundu yachokolewe kwa waya yawe wazi.

UTUNZAJI WA BAADAYE

Kazi iliyofanywa vema hudumu miaka mingi, lakini hailindwi kwa kusahauliwa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, mwenye gari aliinue, aoshe madigadi, achokoe matundu, na kutazama kama jiwe limebandua rangi mahali. Kila doa lisafishwe mpaka chuma king'ae, lipakwe praima na rangi siku ile ile. Gari likitoka pwani, lioshwe chini kwa maji matamu kabla halijalala.

Mwenye kulipa naye ana wajibu wake. Gari likiwa kwa fundi, aende alitazame likiwa limekwanguliwa, kabla halijapakwa cho chote cheusi, na apige picha za chuma kilicho uchi. Fundi mwema hatakasirika, kwa kuwa saa hiyo ndiyo pekee ambayo kazi yake kubwa yaweza kuonekana. Asiyetaka kazi yake itazamwe kabla ya lami amekwisha kujishuhudia mwenyewe. Gharama ya kukwangua kwa siku tatu ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kubadili sakafu na vizingiti miaka miwili baadaye, wala haiwezi hata kutajwa mbele ya gharama ya breki iliyokatika mteremkoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.